Mafunzo Niliyopata kwa Wafinyanzi wa Buraza na Muyinga

Katika mtaa wetu wa Waswahili, nyumba ikikosa kiti haikosi chetezo. Kukiwa na harusi, maulidi, au mgeni aliyetoka safari ya mbali, makaa hutiwa ndani yake, ubani ukawekwa juu, na chumba kizima kikafukizwa. Vyetezo hivyo, pamoja na mitungi ya maji na vyungu vya maharage, vilitoka kwa kina mama wa Kitwa, yaani wa jamii ya Watwa, waliokaa mwisho wa safu sokoni, bidhaa zao zimefungwa kwa majani makavu ya mgomba zisigongane njiani. Sasa wamebaki wachache. Sufuria za alumini, mabeseni ya plastiki na bidoni za manjano zimekalia nafasi yao.

Mimi ni fundi cherehani hapa Gitega, Burundi. Mama yangu ni mzaliwa wa Muyinga. Nilipotaka kujifunza ufinyanzi nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wa sekondari, na nilitaka kuupokea kutoka kwa mikono inayoufanya tangu utotoni. Bibi mmoja wa kilima kimoja cha Buraza, kusini mwa mji wetu, alikubali kunifundisha. Baadaye, kwa njia ya ndugu wa mama yangu, nikafika kwa mama mwingine huko Muyinga, wa rika langu, ambaye riziki yake ni kufinyanga mbabula, yaani majiko ya makaa. Majina yao siyataji. Mafunzo yao nayaandika kwa sababu nayaona ni elimu kamili, yenye vipimo na sababu zake, na inastahili kusomwa kama elimu nyingine yoyote.

1. Kazi huanzia bondeni

Siku ya kwanza Bibi hakunionyesha chungu. Alinipa jembe na kikapu, tukateremka bondeni. Kwao uchimbaji ni kazi ya kiangazi, kati ya Juni na Agosti, wakati maji yameshuka na shimo haligeuki kisima. Aliparua udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi, akauweka kando. Chini yake ukatokea wa kijivu, mzito, unaong'aa pale jembe linapoukata. Hapo ndipo alipopiga magoti.

Udongo una vipimo vyake, na hakuna hata kimoja kinachohitaji mashine. Alichukua donge akalikanda, akalisokota likawa kamba nyembamba, akaizungushia kidoleni. Kamba ikichanika mgongoni, udongo huo hauna mnato wa kutosha kujengea ukuta. Ikikunjika bila ufa, unafaa. Lakini unaonata kupita kiasi nao una hatari yake, kwa sababu husinyaa sana unapokauka, na chombo hupasuka hata kabla hakijauona moto. Kisha Bibi akatia chembe mdomoni na kuisaga kwa meno ya mbele. Meno huhisi chenga ambazo vidole haviwezi kuzihisi.

Kwa hiyo yeye huchimba sehemu mbili: udongo mnene wa katikati ya bonde, na ule wenye chenga karibu na mguu wa kilima. Huuchanganya kulingana na chombo anachokusudia. Chungu cha kupikia hutaka chenga zaidi, maana kitapandishwa motoni na kushushwa kila siku, na udongo uliojaa mnato mtupu hauvumilii kupata joto na kupoa kwa ghafla. Tulipandisha mzigo kichwani hadi nyumbani, tukauloweka, tukaufunika kwa majani, ukaachwa ulainike. Baada ya hapo ni kuponda, kutoa vijiwe na mizizi, kukanyaga, kukanda tena. Mtu anayenunua chungu sokoni hajui kwamba sehemu kubwa ya jasho ilimwagika kabla chungu hicho hakijapata umbo.

Kabla hatujaondoka bondeni, Bibi aliurudisha udongo mweusi ndani ya shimo na kuukanyaga vizuri. Shimo wazi huvunja mguu wa ng'ombe, alisema, na ng'ombe wa mtu akivunjika mguu hapo, mfinyanzi hatakaribishwa tena. Jambo hilo la kukaribishwa bondeni nitalirudia, kwa kuwa ndilo zito kuliko yote.

2. Macho yatazame mikono, yasitazame chungu

Mwanafunzi hutaka kuona umbo linavyotokea, kwa hiyo hukodolea macho chungu. Bibi alinikataza. Alitaka nitazame viganja vyake, viwiko, na hata miguu yake, kwa sababu chungu cha Buraza hakizungushwi. Hakuna gurudumu. Kitako chake hufinyangwa ndani ya kigae kilichopindika, mabaki ya mtungi wa zamani, na mfinyanzi ndiye anayezunguka, ameinama, akirudi kinyumenyume hatua kwa hatua. Kitanzi cha udongo huwekwa juu ya kitanzi. Mkono wa kushoto uko ndani, wa kulia uko nje na kipande cha kibuyu kilichokatwa, ukivuta udongo juu na kuulainisha. Mikono miwili inaongea kupitia ukuta.

Nilimuuliza ukuta uwe na unene gani. Hakujibu kwa maneno. Aliushika mkono wangu wa kushoto, akauingiza ndani ya chungu chake, akaweka wake juu ya wangu, akapitisha kibuyu kwa nje hadi nikausikia ukuta unavyojibu: pale penye unene unakuwa bubu, pale palipopungua unatetemeka kidogo. Fundi wa nguo mzoefu hujua uzito wa kitambaa kwa kukipitisha katikati ya vidole kabla hajakisoma kilichoandikwa kwenye robota, nami nilikielewa kipimo hicho mara moja kwa sababu ni cha aina hiyohiyo. Kama angenitajia sentimita, ningezisahau au ningezitumia vibaya, maana unene hubadilika kutoka kitako hadi bega hadi mdomo.

Jambo jingine ambalo nisingelipata kitabuni ni mapumziko ya chombo. Mtungi mkubwa haujengwi kwa mkupuo mmoja. Nusu ya chini ikikamilika huachwa ishike, la sivyo italala chini ya uzito wa nusu ya juu. Lakini ukingo unaosubiri kuunganishwa lazima ubaki na unyevu, kwa hiyo Bibi huufunga kwa ukanda wa jani bichi la mgomba. Wakati huo yeye huenda kulima, kupika, kumwogesha mjukuu. Nilijaribu kuandika ratiba ya kazi yake nikaona haiandikiki kama ratiba ya karakana: ufinyanzi umepita katikati ya shughuli zote za nyumba, na chungu ndicho kinachoita kikiwa tayari.

Bega likimalizika, ndipo huja pambo. Bibi husuka nyasi ikawa kijiti chenye mafundo, urefu wa kidole, na kukiviringisha juu ya udongo mbichi kwa kiganja. Alama zinabaki kwa mistari. Pambo hili la kuviringisha ni la kale sana katika nchi za Maziwa Makuu. Waakiolojia hulikuta kwenye vigae wanavyovichimba na kulitumia kutambua vipindi vya historia, baada ya kile cha vyungu vya Urewe, vilivyopewa jina la mahali huko Nyanza, Kenya, na ambavyo vimechimbuliwa pia Burundi na Rwanda. Nami niliona kazi yake nyingine: mwanamke mwenye mikono iliyolowa akiunyanyua mtungi uliojaa, mikwaruzo ile humsaidia usimteleze.

3. Vigae havitupwi

Chungu kilichovunjika kina kazi tatu nyumbani kwa Bibi. Vipande vikubwa ni vitako vya kufinyangia vyombo vipya. Vya kati hufunika vyungu wakati wa kuchoma. Vidogo hupondwa na kuchekechwa, unga wake ukarudishwa ndani ya udongo mbichi. Unga huo umeshachomwa, hausinyai tena, kwa hiyo unapunguza kusinyaa kwa udongo mpya na kuacha njia ndogondogo za mvuke kutokea. Vyungu vya leo vina ndani yake vyungu vya mama yake Bibi.

4. Mwalimu aitwe kwa jina la heshima

Watwa ni karibu asilimia 1 ya watu wa Burundi. Katiba ya mwaka 2005 iliwatengea viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Seneti, na hilo ni jambo la maana kwa watu ambao kwa vizazi hawakuhesabiwa kuwa na neno la kusema. Lakini sokoni mambo huenda polepole kuliko kwenye katiba. Nimesikia kwa masikio yangu mteja aliyevaa vizuri, mwenye adabu kwa wauza nguo na wauza samaki, akifika kwa mfinyanzi mwenye mvi na kumwita "wewe Mtwa" wakati wa kuuliza bei. Watu wa nchi yetu walipika kwenye vyungu vya Watwa, wakanywa maji ya mitungi ya Watwa, lakini hawakukubali kukaa na Mtwa na kula naye sahani moja. Ndani ya nyumba zetu sisi Waislamu, nyanya yangu alitawadha kwa maji ya mtungi uliofinyangwa nao. Tuliuamini udongo wao kutuwekea maji ya kuendea ibada.

Ndiyo maana nasema fundisho hili linatangulia ufundi. Nilimwita Bibi, naye akaniita mwanangu, na kuanzia hapo masahihisho yake yakawa ya mzazi. Angenisahihisha vipi kama ningemjia kama mteja? Mfinyanzi hamkosoi mteja. Mteja anapewa chombo, anatoa pesa, anaondoka. Anayekosolewa ni mtoto wa nyumbani, kwa sababu kazi yake mbaya itawaaibisha wote. Chakula cha mchana tulikula pamoja, maharage na ugali wa muhogo, kwenye bakuli moja la udongo. Shangazi yangu wa Gitega aliposikia alinyamaza kwanza. Kisha akauliza maharage yalikuwa na ladha gani, kwa kuwa yeye alikulia kwenye nyumba iliyopikia chungu. Nikamletea chungu. Sasa anakitumia, na salamu anazituma Buraza kwa jina.

5. Kivuli, na subira yake

Vyombo hukaushwa ndani, mbali na jua na upepo. Mdomo ni mwembamba na hukauka haraka. Kitako ni kinene na hukawia. Vikipishana sana, ufa hutokea katikati. Bibi huvigeuza, huvifunika midomo kwa majani, huvifunua. Hakuna zaidi ya kueleza hapa, ila kwamba hakuna njia ya mkato.

6. Moto una hatua zake

Hapa ndipo kazi yote ya kiangazi inapoweza kupotea asubuhi moja, na hapa ndipo niliposikia mafunzo mengi kuliko mahali pengine popote.

Hakuna tanuri. Vyungu huchomwa juu ya ardhi, pahali palipochaguliwa kwa kuzingatia upepo, mapema kabla haujaamka. Kina mama wa kilimani huchoma kwa pamoja. Kila mmoja huleta vyombo vyake na fungu lake la kuni: nyasi kavu, majani ya mgomba, magome ya mikaratusi. Moto mmoja mkubwa hula kuni kidogo kuliko mitano midogo, na kuni siku hizi ni ghali hata kwa mtu anayeishi kijijini. Vyombo vikishachanganyika motoni havichanganyiki machoni pa wenyewe. Kila mama anakitambua chake kwa namna ya mdomo na mstari wa pambo, hata kikiwa cheusi kwa masizi.

Hatua ya kwanza ni kuvipasha moto taratibu. Huwashwa moto mdogo, vyungu vikauzunguka, vikawa vinageuzwa. Udongo unaoonekana mkavu bado una maji ndani, na maji hayo yakikaribia nyuzijoto 100 huwa mvuke. Yakipata muda hutoka kimyakimya. Yakiharakishwa hupasua ukuta, na chungu kimoja kikilipuka huvunja majirani zake. Nilimwona Bibi akiweka kiganja karibu na tumbo la kila chungu, kisha akipitisha kipande cha kigae baridi juu ya mdomo wake. Kigae kikitoka na umande, bado. Kikitoka kikavu, twende. Sijui kipimo kilicho safi zaidi ya hicho.

Hatua ya pili ni kuvipanga na kuvifunika. Vikubwa chini, midomo ikiinama, vidogo kwenye mianya, vigae juu na kandokando, kisha kuni na nyasi hadi hakionekani kitu. Moto wa wazi namna hii hufika kati ya nyuzijoto 600 na 900, na hupanda kwa haraka sana. Ukipita takriban 500 hadi 600 udongo hubadilika tabia moja kwa moja: hautakuwa tope tena hata ukiloweshwa mwaka mzima. Bibi hana kipimajoto. Yeye hufuata rangi. Kwanza vyungu huwa vyeusi kwa masizi. Halafu masizi yenyewe huungua, na rangi ya udongo hurudi, sasa ikiwa nyekundu ya kung'aa. Masizi yakibaki mahali, moto haukufika hapo, na nyasi huongezwa upande huo peke yake. Kazi hii ya kutia nyasi hapa na kuacha pale, huku moshi unaumiza macho na joto linakusukuma nyuma, ndiyo niliyoiona ngumu kuliko zote, na ndiyo wanayoiacha kwa wazee.

Hatua ya tatu ni kuacha. Vijana wanaotaka kuwahi soko hutamani kuvuta vyungu kwa miti mirefu vikiwa bado na joto, lakini chungu kinachotoka motoni na kukutana na upepo wa asubuhi hupata nyufa nyembamba zisizoonekana. Vikishapoa, kila kimoja hugongwa kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia. Chenye ufa hutoa sauti butu, nacho huwekwa upande wa vigae. Niliona vyungu vingi vikienda upande huo bila mtu kulalamika, na nikaelewa kwamba bei ya kila chungu kinachofika sokoni inabeba pia vile ambavyo havikufika. Ukimpunguzia mfinyanzi bei kwa kumwambia kwamba udongo ni wa bure, hujaihesabu sehemu hii.

7. Chungu kipya hupikiwa uji kwanza

Chungu kilichochomwa kwa moto wa wazi kina vitundu vidogo sana. Kwa kupikia, vitundu hivyo huzibwa kwa kuchemsha uji ndani yake, ukaachwa ulale humo, ili wanga uingie ukutani. Kwa mtungi wa maji havizibwi kabisa. Maji hujipenyeza hadi nje, hukauka juu ya ukuta, na kukauka huko huondoa joto, kwa hiyo yaliyo ndani hubaki baridi hata mchana wa Septemba. Udongo mmoja, matumizi mawili yanayopingana, na mwenye nyumba ndiye anayekamilisha kazi ya mfinyanzi.

8. Fundi wa pili hufundisha kile ambacho wa kwanza hakukisema

Nilipofika Muyinga nilidhani nitaongeza tu mazoezi. Mama yule alinionyesha ufundi mwingine kabisa. Mbabula yake ina kuta nene, zilizosimama wima, na chenga nyingi kuliko nilizozoea. Haijengwi kwa ajili ya maji wala uji. Imejengwa kuzuia joto lisitoke kando, ili makaa machache yapike chungu kizima. Matundu ya kupitisha majivu hukatwa kwa kisu wakati udongo umeshika lakini haujakauka. Ukikata mapema matundu hulegea na kujiziba, ukichelewa kingo hubomoka. Wakenya nao waliitumia fikra ya udongo kutunza joto wakauvalisha bati, na tangu miaka ya 1980 jiko lao la makaa lenye tumbo la udongo limeenea katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Mama wa Muyinga hatumii bati. Anauza anachokimudu, kwa watu wanaohesabu kila debe la makaa, na wateja wake hawapungui.

Yeye pia alinipeleka kuona maktaba ya mji huo, iliyokamilika mwaka 2012 kama sehemu ya kwanza ya shule ya watoto viziwi. Wasanifu wake, kundi la BC kutoka Brussels, Ubelgiji, walianza kwa kuzunguka mkoa na majirani zake kutazama nyumba zinavyojengwa, vifaa gani vipo, na nani anajua nini. Kuta ni za matofali ya udongo yaliyoshindiliwa bila kuchomwa, paa ni la vigae vya udongo wa hapohapo, mbao ni za mikaratusi, na juu ya chumba cha watoto kuna wavu mkubwa wa kamba za katani ambamo hupanda kulala na kusoma. Mbele yake kuna baraza ndefu yenye kivuli, ya namna tunayoijua majumbani. Mama alipapasa ukuta, akasema udongo huu ulishindiliwa vizuri. Kwa mfinyanzi hiyo ni sifa kubwa. Nami nilifurahi kuona jengo linalosifiwa nje ya nchi likiwa limeanza kwa wageni kuuliza mafundi wa kwetu.

9. Mwalimu hulipwa, na hutajwa

Bibi alikataa ada ya mafundisho. Alitaka nimsaidie kulima, na nililima. Lakini kuni za kuchomea nililipia, udongo nilioutumia nililipia, na vyetezo ninavyouza dukani kwangu nanunua kwao kwa bei wanayoipanga wao. Alinieleza kwamba zamani chungu kilibadilishwa kwa chakula cha kukijaza: ukitaka chungu kikubwa, ujaze maharage hadi mdomoni. Nimeipenda haki iliyomo ndani ya mapatano hayo. Ukubwa wa kazi ulionekana mbele ya wote wawili, na hakuna aliyeweza kudai kwamba udongo hauna thamani.

Kutajwa nako ni malipo. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, leo ni mmoja wa wafinyanzi wanaoheshimiwa zaidi duniani, na vyombo vyake vimo katika jumba la makumbusho la British Museum. Akiwa mwanafunzi wa sanaa huko Uingereza, mwaka 1974 alikwenda Nigeria kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja, kilichoanzishwa na Michael Cardew, akajifunza kwa wanawake wa Kigwari kujenga chungu kwa mkono, wakiwa wanakizunguka kama Bibi wa Buraza anavyozunguka chake. Miongoni mwa wanawake hao alikuwa Ladi Kwali, ambaye picha yake imo kwenye noti ya naira 20. Historia za Odundo huwataja wanawake wale. Mteja wangu akiuliza chetezo kimetoka wapi, namwambia kimetoka kwa Watwa wa Buraza, na nasema hivyo kwa sauti ya kusikika dukani kote.

10. Bila bonde hakuna ufinyanzi

Wageni wanaopita Gitega, hasa tangu mji wetu uwe makao makuu ya kisiasa ya nchi, huenda kwenye jumba la makumbusho la taifa, lililoanzishwa mwaka 1955, na humo hukuta vyungu pamoja na vikapu na vitu vya ikulu ya wafalme. Kisha huenda Gishora, karibu na mji, kutazama ngoma. UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, na ni haki yake. Kila mtu Gishora anajua kwamba ngoma haipo bila mti wa umuvugangoma. Ukimwuliza mtu huyohuyo chungu hakipo bila nini, atasema bila mfinyanzi. Wafinyanzi wapo. Wajukuu wa Bibi wanafinyanga, wawili kati yao vizuri sana. Kinachopungua ni mahali pa kuchimba.

Watwa wengi hawana ardhi, au wana kipande kisichotosha kujenga na kulima. Udongo waliuchimba mabondeni kwa ridhaa ya majirani, kwa mdomo, kizazi baada ya kizazi. Sasa mabonde yanalimwa mpunga, na watu wana njaa, siwezi kuulaumu mpunga. Kwingine udongo unachimbwa kwa matofali ya kuchoma, kwa wingi ambao mfinyanzi hawezi kushindana nao. Lile bonde nililoteremka na Bibi siku ya kwanza halichimbwi tena. Wanakwenda mbali zaidi, wanamlipa mwenye shamba kwa kikapu, na udongo wa huko una mnato mdogo, kwa hiyo vyungu vinavyopotea motoni vimeongezeka.

Nimesoma kwamba Botswana mwaka 2012 ilipata ufinyanzi wa Kgatleng kuandikwa na UNESCO kati ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na kwamba wanawake wa Sejnane, Tunisia, wanaofinyanga bila gurudumu na kuchoma kwenye moto wa wazi, waliandikwa mwaka 2018. Ningefurahi siku moja kuona Buraza kwenye orodha ya UNESCO. Lakini Bibi, nilipomweleza, aliuliza kama watu wa orodha hiyo watampa bonde.

Kwa hiyo mjukuu wake mkubwa na mimi tumeandika barua kwa wakuu wa eneo. Imeandikwa kwa Kirundi, ina majina na alama za vidole za wafinyanzi wa kilima kile, na inaomba kitu kimoja: ukanda wa bonde karibu na mguu wa kilima, ulipo udongo wa aina zote mbili, upimwe na uandikwe kuwa mahali pa kuchimbia, usigawiwe kwa mpunga wala kwa matofali. Wafinyanzi wameahidi ndani ya barua hiyo kufukia kila shimo. Tunataka ijibiwe kabla ya Juni, kiangazi kisije kikapita.